Kwinteti ya ala za kupuliza: jinsi ya kuwafanya watano wasikike kundi moja

Ukisikiliza kwinteti changa, utakuta makosa ya noti ni machache. Kinachokera masikio ni kwamba fluti imepanda kidogo, klarineti imeshuka, honi imeingia nyuma ya wenzake, na akordi ya mwisho (noti kadhaa zinazolia pamoja) inazimika kipande kipande. Kila mmoja amepiga sehemu yake sawasawa nyumbani, ila hapa bado wanasikika kama wapigaji watano waliokutana njiani.

Sababu iko kwenye ala zenyewe. Kwinteti ni fluti, oboe, klarineti, honi na basuni, na kila moja hutoa sauti kwa njia yake. Fluti haina ridi, ule ulimi mwembamba unaotetemeka mdomoni. Pumzi hukatwa kwenye ukingo wa tundu. Oboe na basuni zina ridi ya ndimi mbili zinazotetemeka zikitazamana, kama zumari ya pwani. Klarineti ina ridi moja iliyofungwa kwenye kinywa chake. Honi ni shaba, na kinachotetemeka ni midomo ya mpigaji. Wapiga fidla wa kwarteti wana ala za ukoo mmoja, hivyo nusu ya kazi imeshafanywa na fundi. Ninyi mtaifanya wenyewe, kwenye chumba cha mazoezi, bila mwongozaji.

Mtunzi Anton Reicha alilijua hilo alipoandika kwinteti zake 24 mjini Paris kati ya 1811 na 1820. Franz Danzi akamfuata na tisa zake. Hizo ndizo zilizoujenga mtindo huu, na bado ni shule nzuri.

Kabla ya kukutana

Kwa kundi jipya, chagueni kipande kinachofanana na wimbo wa kwaya: noti ndefu, sauti zote zikitembea pamoja. Ninachopendekeza ni divetimento ya B flati meja inayohusishwa na Haydn (wataalamu wengi wanatilia shaka kwamba ni yake), iliyopangwa kwa kwinteti na Harold Perry. Sehemu yake ya pili ni ile korale ya Mtakatifu Antoni ambayo Brahms aliichukua mwaka 1873 akaijengea tofauti zake, yaani wimbo uleule ukirudiwa kwa sura mbalimbali. Haina noti za kutisha, lakini sentensi zake za mwanzo ni za vipimo (mafungu ya mapigo) vitano vitano, si vinne kama masikio yanavyotarajia, kwa hiyo mtu asiyehesabu atavuta pumzi mahali pabaya na kila mtu atasikia.

Kila mpigaji aje na mambo matatu: sehemu yake ikiwa na namba za vipimo, penseli, na picha ya muziki mzima kichwani. Hilo la tatu ndilo linalosahaulika. Pata nakala yenye sauti zote tano, uisome huku ukisikiliza rekodi, na kila mahali ulipo na mapumziko marefu andika kwenye karatasi yako nani anapiga kabla hujaingia: «oboe, noti tatu za kupanda, kisha mimi». Kuhesabu vipimo 14 vya kimya bila alama hiyo ni kujitafutia aibu.

Jambo jingine la kukubaliana mapema ni majina ya noti. Klarineti ya B flati ikisoma C, inayolia ni B flati. Honi ya F ikisoma C, inayolia ni F iliyo chini yake. Ukisema «tupige D» kwenye mazoezi bila kueleza, utapata noti tatu tofauti na dakika tano za kubishana. Amueni tangu siku ya kwanza kutaja noti kwa sauti halisi, ile inayosomwa na fluti, oboe na basuni. Wenye klarineti na honi watafsiri wenyewe. Watazoea ndani ya wiki mbili.

Ridi, mbao na hewa

Mpiga oboe alowanishe ridi kwenye kikopo kidogo cha maji dakika mbili hadi tatu, asizidishe. Ridi iliyolowa mno hufunguka, inakuwa nzito, na noti za chini zinagoma kutoka kwa sauti ndogo. Ya basuni huchukua dakika kama hizo hizo. Ya klarineti inatosha kuwekwa mdomoni wakati wenzako wanapanga viti. Kila mmoja wa hao watatu awe na ridi zisizopungua tatu zinazofanya kazi, azizungushe siku hadi siku, maana ridi moja inayopendwa peke yake hufa ghafla, na mara nyingi hufa wiki ya onyesho.

Oboe na klarineti nyingi nzuri zimechongwa kwa mpingo, mti uleule wa misitu ya Tanzania na Msumbiji, ukiwemo ule unaovunwa kwenye misitu ya vijiji vya Kilwa. Ni mbao ngumu kupita kiasi, lakini hupasuka pale sehemu ya ndani inapopata joto na unyevu wa pumzi huku ya nje ikiwa baridi na kavu. Ndiyo maana chumba chenye kiyoyozi kikali ni hatari kuliko jua la saa saba. Ukiingia kwenye chumba baridi, shika ala mikononi au iweke kwapani kwa dakika kadhaa kabla ya kupuliza. Ala mpya ipigwe dakika 15 hadi 20 tu kwa siku katika wiki zake za kwanza, kisha ipanguswe ndani kwa kitambaa kila mara.

Joto linabadilisha tuni pia. Kila nyuzi moja ya Selsiasi ikiongezeka, sauti husafiri hewani kwa kasi zaidi, takriban mita 0.6 kwa sekunde, na ala zote za kupuliza hupanda. Tatizo ni kwamba hazipandi sawasawa. Bomba la fluti ni fupi na hushika joto la pumzi haraka. Honi ya F ina bomba la karibu mita 3.7 likikunjuliwa, ni chuma kitupu, na ikikaa kimya vipimo 20 chini ya kiyoyozi inashuka kabisa. Mpiga honi ajizoeze kupuliza hewa ya moto bila sauti ndani ya ala sekunde chache kabla ya kuingia. Vivyo hivyo kwa klarineti na fluti baada ya kimya kirefu. Ukumbini Mombasa au Dar es Salaam mchana, msipoteze nguvu kupigania 440 kamili (mitetemo ya A kwa sekunde, kimo cha kawaida); tuni ya kundi ipande kidogo, mradi wote mpande pamoja.

Kukaa

Nusu duara, viti mita moja hivi kutoka kimoja hadi kingine, stendi zimeshushwa mpaka kila mtu aone macho na vidole vya wenzake wanne. Mpangilio wa kawaida, ukitazama kutoka kwa wasikilizaji: fluti kushoto, oboe, honi katikati, basuni, klarineti kulia. Makundi mengi huweka basuni katikati na honi pembeni mwa klarineti. Jaribuni yote mawili ndani ya ukumbi wenyewe.

Cha kuangalia ni mdomo wa honi. Hauelekei kwa wasikilizaji. Unaelekea nyuma, upande wa kulia wa mpigaji, na sauti hufika baada ya kugonga ukuta. Nyuma yake kukiwa na ukuta mgumu, mita moja na nusu au mbili, honi inasikika safi. Kukiwa na pazia zito, honi inapotea na mpigaji ataanza kusukuma, midomo itachoka kabla ya kipande cha pili. Sogezeni viti, msimwambie apige kwa nguvu.

Tuni: anza chini, malizia katikati

Oboe hutoa A kwa sababu ndiyo isiyo na nafasi kubwa ya kurekebishwa. Ukivuta ridi yake nje, unaacha pengo ndani ya tundu na noti kadhaa zinayumba. Wengine wanne wana pa kuchezea. Fluti huvuta kichwa chake nje, kawaida milimita chache. Klarineti huvuta pipa milimita moja au mbili. Ikibidi zaidi ya hapo, gawanya na kiungo cha katikati, maana pipa likivutwa sana zile noti za koo, za juu kwenye sehemu ya chini ya ala, zinashuka kuliko nyingine zote. Klarineti na honi zisome noti zao: A halisi ni B kwa klarineti ya B flati, na E kwa honi. Mwenye honi yenye pande mbili asawazishe kila upande kwa mrija wake, F na B flati. Basuni hubadilisha ule mrija wa chuma unaoshika ridi. Namba 1 ni mfupi na hupandisha, namba 2 ni mrefu zaidi. Kuuchomoa mrija nusu ili kushusha tuni ni kujiharibia noti za juu.

Mkishakubaliana A, kazi ndiyo kwanza imeanza. Kifaa cha kupimia kinawaambia kuhusu noti moja moja, lakini akordi ina sheria zake. Fanyeni zoezi hili kila mnapokutana, dakika kumi, na akordi ya B flati meja:

1. Basuni alie B flati peke yake, nguvu ya kati, bila kutikisa sauti, mpaka itulie.
2. Fluti aongeze B flati ya juu. Msikilize mawimbi, ule mlio wa wo-wo-wo. Noti mbili za kimo kimoja zikitofautiana kwa hezi mbili, utasikia mawimbi mawili kila sekunde, na kwenye oktava ni vivyo hivyo. Fluti asogeze mpaka mawimbi yapungue kasi, kisha yafe.
3. Honi aingie na F (anasoma C), na oboe F ya juu yake. Noti hii ya tano (ukihesabu kutoka B flati) inakaa senti 2 tu (senti 100 ni nusu toni) juu ya pale kifaa kinaposema, kiasi kidogo, lakini ikiwa chini akordi nzima inakuwa nyembamba.
4. Klarineti aingie mwisho, kwa sauti ndogo kuliko wote, na D (anasoma E).

Hatua ya nne ndiyo yenye somo. Klarineti akiweka D pale ambapo kifaa kinaonyesha sifuri, akordi inanguruma na kuwasha masikio. Noti ya tatu ya akordi kubwa (meja) inatakiwa kushushwa senti 14. Aishushe polepole bila kuongeza sauti, na kuna nukta moja ambapo mngurumo unakoma na akordi nzima inafunguka, mpaka mtu aweza kudhani kuna ala ya sita. Kaeni hapo sekunde nane. Halafu badilishaneni: fluti achukue D, klarineti achukue B flati. Kila mtu lazima ajue inavyohisi kushika noti ya tatu. Kwenye akordi ndogo (mina) ni kinyume, noti ya tatu hupandishwa senti 16. Aliye na noti ya tatu aizungushie duara la penseli kwenye akordi zote ndefu za kipande. Ni kazi ya nusu saa, na inaokoa mazoezi matatu.

Kuna mtego mmoja zaidi, na ndio unaowagombanisha watu wema. Fluti ikipigwa kwa nguvu hupanda, ikipunguzwa hushuka. Klarineti hufanya kinyume kabisa: kwa nguvu hushuka, ikipunguzwa hupanda. Sasa fikiria akordi ya mwisho inayofifia, fluti na klarineti wameshika oktava. Bila hata mmoja kukosea, wanaachana. Fluti atadhani klarineti amepanda, klarineti atadhani fluti ameshuka, na wote wawili wana haki. Dawa: fluti asipunguze kasi ya pumzi, apunguze tundu la midomo na kuinua mkondo wa hewa, klarineti alegeze taya kidogo huku tumbo likiendelea kushikilia pumzi. Wapige hao wawili tu, kuanzia nguvu hadi kimya kwa mapigo manane, mara tano, wakitazamana.

Kuanza na kumaliza bila mwongozaji

Anayeanzisha ni yule mwenye noti zinazotembea, si lazima fluti. Anachotoa ni pumzi. Pigo moja kabla ya kuanza, avute hewa kwa pua na mdomo kwa mwendo uleule wa kipande, ala ikipanda nayo. Ala ikishuka na kufika chini, hapo ndipo noti inaanza. Pumzi ikiwa ya haraka na muziki ni wa taratibu, wenzake wataanza haraka, kwa kuwa wanafuata mwili kuliko karatasi. Mpiga honi hawezi kuinua ala sana, atumie mabega na macho.

Tatizo la pili ni kwamba hata mkivuta pumzi pamoja, ala haziamki pamoja. Klarineti inaweza kuanza kutoka kwenye kimya bila mtu kujua ilianza lini. Oboe na basuni kwenye noti za chini kwa sauti ndogo zina ukaidi: hazitoki, kisha zinatoka zote kwa mpigo. Honi inachelewa kufika masikioni kwa ile safari yake ya ukutani. Kwa hiyo kwenye akordi ya kwanza tulivu, mfuateni aliye mgumu zaidi. Basuni akiwa na B flati ya chini kabisa, yeye ndiye atoe ishara, maana yeye ndiye anayejua ridi yake itaitika lini. Honi ajifunze kufikiria noti yake mbele kidogo ya pigo.

Kumaliza nako kuna kanuni. Ishara ni kiduara kidogo kwa ncha ya ala. Oboe hukatika ghafla kama uzi, klarineti inaweza kufifia mpaka kimya kitupu. Mwambieni oboe aanze kupunguza mapema na aondoke nusu pigo kabla, ndani ya sauti ya klarineti na honi. Msikilizaji hatajua ameondoka.

Pumzi za katikati zipangwe kwenye karatasi, kila mmoja kwa alama ya mkato. Mpiga fluti hula hewa nyingi kuliko wote na atahitaji kupumua mara kwa mara. Mpiga oboe ana shida tofauti: hewa haimwishi, inamjaa. Tundu la ridi ni jembamba mno, pumzi iliyochoka inabaki kifuani, na lazima atoe kabla ya kuvuta mpya. Anahitaji nafasi mbili pale wengine wanahitaji moja. Mkipanga pumzi kama kwaya, wote kwa pamoja mwisho wa kila mstari, mtamwua. Acheni mmoja mmoja apumue mahali pasipofanana, wengine wakishikilia.

Nani asikike

Alama ya sauti ndogo kwenye karatasi haimaanishi kitu kimoja kwa watu watano. Oktava ya chini ya fluti ni hafifu. Akiwa na wimbo hapo, apige kwa nguvu ya kati na wengine wanne washuke ngazi mbili. Honi ya sauti ndogo bado ni kubwa kuliko fluti ya sauti ndogo. Njia ya haraka: pitieni kipande bila ala, kila mmoja aandike juu ya kila mstari herufi moja, W kwa mwenye wimbo, J kwa anayejibu, M kwa msingi. Mkikuta W mbili mahali pamoja, jadilianeni hapo hapo. Kisha mpige, na mwenye M akishindwa kumsikia mwenye W, ashuke bila kungoja kuambiwa.

Kwa programu ya dakika 25, mazoezi sita ya dakika 90 ndani ya wiki tatu yanatosha ikiwa kila mtu anazijua noti zake. Mawili ya kwanza polepole na metronomu, kisha izimeni. Kundi linaloegemea metronomu halijifunzi kusikilizana. La tano lifanyike ukumbini. Wekeni mapumziko ya dakika 10 katikati kwa ajili ya midomo ya honi, na kwenye programu msipange vipande viwili vinavyombana mfululizo.

Siku yenyewe, fungeni karatasi kwa namna ambayo hakuna anayegeuza ukurasa akiwa anapiga, tundu za fluti na klarineti zipanguswe kati ya vipande, na ridi ya akiba na kikopo cha maji viwe chini ya kiti.

Ukikosa mpiga basuni, jambo la kawaida kwetu Afrika Mashariki, klarineti ya besi inaweza kuchukua nafasi. Sehemu iandikwe upya kwa B flati. Soprano saksafoni nayo huziba pengo la oboe. Inafaa kwa kujifunza, lakini mtapoteza ule ukali wa ridi mbili unaoyapa maandishi ya Danzi umbo, basi endeleeni kumtafuta mtu.

Baada ya korale na Danzi, kipande cha kutamani ni *Umoja* cha Valerie Coleman, mpiga fluti wa Marekani aliyeanzisha kundi la Imani Winds mwaka 1997. Majina yote mawili ameyachukua kwenye Kiswahili, na umoja ni siku ya kwanza ya Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi. Kisha, mkishakomaa, kwinteti ya Carl Nielsen ya mwaka 1922. Hapo mpiga oboe atahitaji pia kor anglei (oboe kubwa yenye sauti ya chini zaidi), na mpiga basuni ajiandae kwa noti ya mwisho kabisa: ni A ya chini, nusu toni chini ya ala inapoishia. Huwa anakunja karatasi ngumu kuwa bomba na kulichomeka kwenye mdomo wa juu wa basuni, mbele ya watu, katika kimya kifupi. Apime urefu wa bomba hilo nyumbani kwa kifaa cha tuni, aliwekee alama ya penseli, na akumbuke kwamba likishaingia, B flati ya chini haipo tena.